Mgeni ajipikie, lakini nani amnunulie samaki?

*Nyumba za kukodi kwa siku zimeenea katika mitaa ya Kisumu. Hoteli zinalalamika, majirani wananung'unika, serikali inataka orodha. Wanaoziendesha hasa, kuanzia msimamizi wa ploti hadi mama samaki, hawamo kwenye mjadala.*

Jikoni mna glasi sita za mvinyo, kizibuo, kijiko cha kuchotea aiskrimu na kikaango kisichoshika chakula. Sufuria ni mbili, na ile kubwa inatosha ugali wa watu wawili wasio na njaa. Mwiko ni wa plastiki. Wageni waliofika kutoka Nairobi ni saba, wamebeba unga wao, na mezani wamelaza samaki wawili wabichi ambao hakuna anayejua nani atawapara.

Hapo ndipo simu hupigwa. Haipigwi kwa mwenye nyumba. Yeye yuko Nairobi, au Doha, au Minnesota, na huenda kwake ni usiku wa manane. Hupigwa kwa msimamizi wa ploti, anayelala chumba cha kando ya geti. Kabla maji hayajachemka, sufuria ya maana imevuka ua kutoka kwa jirani, mwiko wa mti ukiwa ndani yake, na mama anayekaanga samaki kando ya barabara ametuma kijana awachukue wale wawili, wakaparwe, watumbuliwe, na kurudi wakiwa wekundu wa mafuta.

Tangazo la nyumba hiyo linaahidi jiko kamili na mgeni kujitegemea. Jiko kamili ni maneno ya muuzaji. Kujitegemea nako, kwa mtaa kama Migosi, kuna watu watano au sita nyuma yake.

Mtaa wa wapangaji

Migosi ni mojawapo ya wadi za eneobunge la Kisumu ya Kati, jirani na Kondele, barabara ya Kibos ikiipitia ubavuni. Sehemu yake kongwe ilitokana na mpango wa kuwagawia watu viwanja vyenye maji na barabara ili kila mmoja ajijengee, aina ya mpango uliopendwa sana na Benki ya Dunia miaka ya 1970. Waliopata viwanja walijenga nyumba ya familia mbele na vyumba vya kupangisha nyuma. Watoto wao wamebomoa vile vya nyuma na kuinua ghorofa. Walimu, wauguzi, makarani na wanafunzi ndio wamekuwa wapangaji miaka yote.

Ghorofa hizo ndizo zinazobadilika. Nyumba moja hutolewa kwenye upangaji wa mwezi, ikawekewa kochi la kijivu, runinga ya ukutani, waifai na picha ya machweo ya ziwa, kisha ikapigwa picha. Jina la Airbnb, kampuni iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008, sasa watu hulitumia kwa nyumba yoyote ya namna hiyo, hata ile ambayo haijawahi kutangazwa huko na ambayo wageni wake huletwa na WhatsApp na kuambizana.

Mji wenyewe umesukuma mambo. Tarehe 1 Juni 2021 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika katika uwanja mpya wa Mamboleo. Desemba mwaka huohuo treni ya abiria kutoka Nairobi ilirejea. Mei 2022 Kisumu ikapokea Africities, mkutano wa serikali za miji ya Afrika ambao awali ulizoea majiji ya kadiri ya Dakar, Johannesburg na Marrakech. Mji wenye hoteli za kuhesabika ukatakiwa kulaza maelfu ya wajumbe. Wajumbe waliondoka, makochi ya kijivu yakabaki.

Wageni ambao si watalii

Ukisikiliza mazungumzo ya utalii unaweza kudhani wanaolala Migosi wote wamekuja kupanda mashua Dunga, kutazama viboko na kupiga picha kwenye mawe ya Kit Mikayi. Wapo. Lakini ukihesabu waliobeba mizigo getini, wengi wana shughuli nyingine.

Kwanza ni Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo vijana wa boda boda huiita Russia kama babu zao walivyoiita, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti na kufunguliwa Oktoba 1969. Wagonjwa huletwa hapo kutoka Siaya, Vihiga, Busia, Homa Bay. Mtu aliyemlaza mama yake wodini anahitaji kitu ambacho hoteli haimpi: mahali pa kupika uji asubuhi na supu jioni, avitie kwenye chupa ya chai na kuvipeleka saa za kuona wagonjwa. Kwake jiko lina thamani kuliko kitanda.

Pili ni mazishi. Maiti ikitoka mochari katikati ya wiki na kuzikwa Jumamosi kijijini, ukoo uliotawanyika Nairobi, Mombasa na ng'ambo hukusanyika Kisumu kwanza. Watu kumi na wawili ndani ya nyumba ya vyumba viwili, magodoro chini, sufuria mekoni usiku kucha.

Tatu ni jambo ambalo wauzaji wa vifurushi vya likizo hawalijui, na mtu wa hapa halihitaji kuelezwa mara mbili. Kwa mila ya Kiluo, kijana aliyekua halali nyumbani kwa wazazi wake. Hulala simba, nyumba yake ndogo ndani ya boma. Mwanamume wa miaka 40 aliyelelewa Nairobi na asiyejenga simba, akija kusalimu wazazi na mke na watoto, hana pa kulala nyumbani kwao. Na mama mkwe hawezi kulala chini ya paa la mume wa binti yake. Zamani mambo hayo yalitatuliwa kwa lojing'i za mjini na kwa kuwasumbua marafiki. Nyumba ya siku tatu Migosi imeyatatua kimya kimya, bila mtu kumwaibisha mtu.

> *Kwa aliyemlaza mama yake wodini, jiko lina thamani kuliko kitanda.*

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema biashara hii ni ya kupita. Mkutano hupita. Ugonjwa, mazishi na ukwe havipiti.

Karatasi ya kwenye friji

Karibu kila nyumba ya aina hii ina karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Juu kuna neno la siri la waifai, chini yake namba ya mita ya stima, kisha namba za simu. Mara nyingi namba hizo hazina majina ya watu. Zimeandikwa kazi: Boda. Gesi. Fua. Samaki. Mgeni hupiga, na upande wa pili huitika mtu ambaye tayari anajua nyumba ni ipi, mlango ni upi, na kwamba mfereji wa bafuni hufunguliwa kwa kuuzungusha kinyume.

Msimamizi wa ploti ndiye kitovu. Hupokea wageni saa nane za usiku basi la Nairobi likichelewa. Huwasha pampu ya kupandisha maji kwenye tangi mfereji ukikauka. Hununua tokeni stima ikikata katikati ya filamu, akitumia pesa zake mwenyewe na kusubiri kurudishiwa. Huwaambia waliotoka Nairobi, ambako watu hawajazoea malaria, kwamba chandarua kilichofungwa fundo juu ya kitanda si pambo. Wakishushe kabla jua halijazama, na madirisha wayafunge.

Mama fua huja wageni wakitoka. Ana saa chache kabla wengine hawajaingia: mashuka manne, taulo sita, sakafu, choo, vyombo vilivyoganda ugali. Mvua ya alasiri ya Kisumu ikimkuta na mashuka kambani, siku imeharibika. Hulipwa kwa nyumba, kwa M-Pesa, na nyumba isipopata mgeni hapati kitu.

Halafu mama samaki, ambaye ujuzi wake ndio mgeni asiouona kabisa. Kuna samaki wa ziwa wa wavuvi, kuna wa vizimba, na kuna wale waliogandishwa wanaoagizwa China kwa katoni. Mtu wa Nairobi akisimama mbele ya meza ya samaki katika soko la Kibuye haoni tofauti. Mama samaki hufunua shavu atazame wekundu, hubonyeza mgongo kwa kidole gumba aone kama nyama inarudi, hutazama jicho kama limejaa au limezama. Wenye ukubwa uleule wote, wa kulingana na sahani, ni wa vizimba. Ufugaji huo umepanuka ziwani katika miaka kumi iliyopita, na Victory Farms ya Homa Bay, iliyoanza 2016, ndiyo inayojulikana zaidi. Hao si wabaya, na yeye mwenyewe huwauza. Ila atakwambia ni wepi, na bei si moja.

Atamzuia mgeni pia asinunue mbuta mzima kwa sababu tu anapendeza kwenye picha, kwa kuwa jiko la gesi la vichwa viwili haliwezi kumpika. Atampa vipande, au mgongo wazi, ule uti unaobaki viwanda vikishachukua minofu, ambao kwa supu haushindwi na chochote. Mgeni akiuliza omena mwezi wa Mei, ataambiwa msimu umefungwa hadi mwisho wa Julai, na kama wapo mezani basi aulize wametoka wapi. Akinunua, aoshe kwa maji moto mara tatu, mchanga utoke, awakaushe kwanza kwenye kikaango kabla ya kugusa kitunguu.

Mboga nazo zina mwenyewe. Osuga na dek zina uchungu. Wanaojua huzichemsha, wakazitia maziwa na kuzilaza hadi kesho yake. Mgeni wa siku mbili hana kesho ya kulazia mboga, wala gesi ya mtungi mdogo si ya kuchezea. Hivyo mama mboga humuuzia zilizochemshwa tayari, amefunga kwenye mfuko, za kupasha tu.

Nisiwapake asali. Katika mnyororo huu kila mmoja ana kamisheni yake ndogo. Boda anayempeleka mgeni kwa mama samaki fulani hapiti bure meza tatu za kwanza. Bei ya mgeni ipo, nayo hupanda kwa kadiri ya lafudhi. Lakini mgeni akikutana na msimamizi mwema hulipa bei ya mtaa, kwa sababu msimamizi anataka arudi Desemba na ukoo mzima.

Hoteli na majirani

Wenye hoteli wana malalamiko yanayoeleweka. Wao hukaguliwa, huwa na leseni, huwatolea wafanyakazi michango, na hulipa Mfuko wa Utalii asilimia 2 ya mapato. Nyumba ya pili kushoto kwenye ghorofa ya tatu huuza usingizi uleule bila bango wala kizima moto. Si kweli kwamba sheria ilizisahau: Sheria ya Utalii ya 2011 inataja nyumba za huduma, vila na makaazi ya nyumbani kwa wenyeji kati ya biashara za kusajiliwa. Tatizo ni kwamba mkaguzi huona hoteli kutoka barabarani. Mlango wa ghorofa ya tatu hauonekani.

Majirani wana yao. Geti linalogongwa usiku. Muziki wa watu waliokuja kusherehekea shahada na ambao kesho hawapo, kwa hiyo hawana wa kumwogopa. Maji ya tangi moja yanayotumiwa na familia ya watu wanne na kundi la watu kumi na wawili. Watoto waliokuwa wakicheza uani wakimjua kila anayepita sasa huitwa ndani mapema. Kuna pia hofu ya kodi: mwenye nyumba akigundua kwamba wikendi nne zinalipa kuliko mwezi, mwalimu wa shule ya msingi ndiye hufungishwa virago.

Wenye nyumba hujibu kwamba hesabu si tamu hivyo. Wiki za katikati huwa tupu. Stima, maji na waifai ni juu yao. Kochi la kijivu huchafuka. Na wengi wao si mabepari: ni mjane aliyeachiwa ploti, au muuguzi aliye ng'ambo anayelipa mkopo.

Kati ya pande hizi, mimi nawaelewa zaidi majirani. Mwenye hoteli na mwenye nyumba wote wanazungumzia faida. Jirani anazungumzia mahali anapoishi. Lakini jirani huyohuyo ndiye aliyetoa sufuria, mke wake ndiye anayefua mashuka, na mtoto wao wa kwanza anaendesha boda. Mtaa umegawanyika ndani ya nyumba moja.

Daftari la getini

Januari 2024 wanawake wawili vijana waliuawa Nairobi, kila mmoja kwa wakati wake, katika nyumba za kukodi kwa muda mfupi. Nchi ilishtuka. Wizara ya Utalii ikatangaza kwamba nyumba hizo zote zisajiliwe na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na mazungumzo yakageukia kamera, vitambulisho na kumbukumbu za wageni.

Hatua hiyo ilihitajika. Swali ni nani aliyetwikwa. Programu za kutangaza nyumba ziko mbali, mwenye nyumba yuko mbali. Aliyekabidhiwa usalama wa wageni na wa mtaa ni yule wa getini, mwenye daftari la shule lenye safu nne: jina, namba ya kitambulisho, simu, saa ya kuingia. Yeye ndiye anayetakiwa kumkatalia mtu mwenye gari kubwa anayesema hana kitambulisho. Yeye ndiye polisi wangemjia kwanza.

> *Amekuwa mpokezi, mlinzi na karani kwa mshahara uleule wa kufungua geti.*

Daftari lenyewe lina hatari yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitunze. Daftari la juu ya kiti, ambalo kila anayepita anaweza kufunua akaona ni nani alilala na nani Jumamosi, halijatunzwa. Hakuna aliyemfundisha msimamizi jambo hilo. Sanduku lenye kufuli lingetosha kwa kuanzia.

Kwingine wanafanyaje

Miji mingine imefinya kwa nguvu. New York, tangu Septemba 2023, inataka mwenye nyumba ajisajili na awepo ndani mgeni anapolala chini ya siku 30. Barcelona imesema ifikapo Novemba 2028 haitakuwa na leseni hata moja ya nyumba za watalii. Ufaransa ilipitisha sheria Novemba 2024 inayoziruhusu halmashauri kupunguza siku za kukodisha nyumba mtu anayoishi hadi 90 kwa mwaka.

Sheria hiyo ya Ufaransa inagusa pia vijiji vya milima ya Alps, ambako watu huenda kuteleza kwenye theluji na kukodi nyumba za mbao wajipikie. Huko nako mgeni hufika usiku, baridi imekaza, hajui duka liko wapi. Ila anayemfungulia mlango, anayemtandikia kitanda na kumjazia friji kabla hajafika mara nyingi ni kampuni ndogo ya kijijini yenye risiti na bima, inayoshika funguo za nyumba nyingi kwa wakati mmoja. Kazi ni ileile ya msimamizi wa Migosi. Kule imepewa bei kwenye orodha. Hapa huitwa msaada, na msaada hulipwa kwa hisani.

Sidhani Kisumu inahitaji kufuata Barcelona. Ikifunga nyumba hizi, mwenye mgonjwa Russia atarudi kulala kwenye benchi la nje ya wodi.

Nani mwajiri?

Novemba 2024, mshahara wa chini wa mfanyakazi wa usafi katika majiji, Kisumu ikiwemo, uliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Bima ya afya ya jamii, SHIF, hukata asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na mshahara rasmi hulipa isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Hizo ni namba za mtu aliyeajiriwa, au aliyesajiliwa. Mama fua wa Migosi akiteleza kwenye bafu la mgeni akavunjika mkono, hana pa kupeleka barua.

Serikali ya kaunti, mamlaka ya utalii na wenye hoteli wanapozungumza habari za usajili, wanahesabu nyumba na vitanda. Fomu ya usajili ingeweza kuuliza mambo matatu zaidi: nani anafanya usafi, nani anashika ufunguo, na wanalipwaje. Wala haingehitaji sheria mpya. Wasimamizi na mama fua wa ploti kadhaa wangeweza pia kujiunga wenyewe, kama vyama vya wahudumu wa boda boda vilivyofanya, wakaweka bei moja ya kupokea mgeni baada ya saa nne usiku na bei moja ya kufua mashuka.

Wenye nyumba watapinga, na hoja yao wameshaiandaa: kazi ni ya saa tatu kwa wiki, nani huajiri mtu kwa saa tatu? Kwa nyumba moja wana haki. Lakini mwanamke anayesafisha nyumba sita za wenye nyumba sita anafanya kazi kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, na kati ya hao sita hakuna anayejiona mwajiri wake.